Jinsi ya kuandika "was… by the…" kwenye OB bila kujichongea

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi ya ulinzi, sentensi moja niliyoandika kwenye OB (occurrence book, lile daftari la matukio ya lindo) ilinila elfu hamsini ya mshahara. Ilikuwa godauni moja huku Namanve, nje kidogo ya Kampala, Uganda, zamu ya usiku, niko peke yangu. Nimefika saa kumi na mbili jioni nakuta geti la nyuma liko wazi, betri ya jenereta haipo, na mwenzangu wa mchana keshajiondokea zamani. Nikashika kalamu nikaandika: "The back gate was left open by the guard." Mi kichwani namaanisha yule wa mchana, maana kwa Kiswahili ukisema "geti liliachwa wazi na askari" watu wataelewa kulingana na habari yenyewe. Asubuhi supavaiza anasoma, ananitazama, anasoma tena. "The guard," anasema, "hapa the guard ni nani?" Usiku ule kwenye lindo lile palikuwa na guard mmoja tu na ndiye aliyeshika kalamu.

Ile "the" ndo ilinimaliza. Ningeandika "by a guard" angeuliza yupi, ningeandika "by the day guard" mshahara ungekuja mzima.

Sa hivi mi ndo nakaa na vijana wapya kabla hawajapelekwa lindoni, wengine wametoka Kongo, wengine Arua, wengine ni wazee waliostaafu jeshi, na Kiswahili chao kinatiririka kuliko changu. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu katiba ifanyiwe marekebisho 2005, sawa, lakini OB ikifunguliwa ni Kiingereza kitupu, na ripoti za ulinzi zimejaa kutendwa: kitu kiliibiwa, mtu alipekuliwa, kufuli lilikatwa. Kwa hiyo ukishika namna kutendwa kwa Kiingereza kunavyoshikana na "by, with, of, to" na vile vineno "a" na "the", umeshashika sehemu kubwa ya kazi ya kuandika. Nitaeleza kama navyowaeleza wao.

Kitendo chenyewe hakisumbui sana. Sisi tunatia "w" tu, funga inakuwa fungwa, kata inakuwa katwa, imeisha. Kiingereza kinataka vipande viwili, kwanza "is, are, was, were", alafu kitendo kwa umbo la tatu la lile jedwali tulilokariri darasani, "break, broke, broken", "steal, stole, stolen". Watu wengi wanachukua la pili wanaandika "the lock was broke", angalia hapo. Kitu kimoja "was", vitu viwili "were". Tuendelee.

Ila kabla sijaacha hapo, kuna kitu. Sisi tuna "dirisha limevunjwa" na "dirisha limevunjika", na kila mmoja anasikia tofauti, la kwanza kuna mtu alivunja, la pili hali yake ndo hiyo, hatutafuti mtu. Kiingereza kwa zote mbili kinaweza kukupa "the window is broken". Sasa askari akikuta dirisha limevunjika anaona sentensi haijakamilika, anaongezea "by thieves", na hao wezi hakuwaona! Ukikuta kitu kiko hivyo tayari, andika "was found": "The window was found broken." Umesema ulichokiona, hujamtaja mtu, hakuna wa kukuuliza wezi walikuwa wangapi.

Sasa tuje kwenye "na", hapa ndo pana shughuli.

Hii "na" yetu inabeba mizigo mingi mno. Alipigwa na mlevi. Alikamatwa na panga. Alikuja na mkewe. Kiingereza kinaigawa, aliyetenda anapata "by", kifaa au kitu ulichonacho kinapata "with". Mi huwa nawaambia hivi: kabla hujaandika "by", jiulize huyu unayemtaja baada yake anaweza kupelekwa polisi? Mlevi anapelekwa, basi ni "by a drunk man". Nyundo haipelekwi polisi ikaandikisha maelezo, basi ni "with a hammer". "The padlock was broken with a hammer by two men." Ukiandika "was broken by the hammer" ni kama nyundo iliamka usiku ikajiendea yenyewe. Usiku wenyewe pia hauna mikono, nimeona mtu kaandika "the battery was stolen by the night", hapana, ni "at night".

Kipimo changu cha polisi kina mashimo yake, nakubali. Mbwa hapelekwi polisi lakini ni "bitten by a dog", na mvua, moto, umeme, boda, vyote hivi vinapata "by" kwa sababu vimefanya vyenyewe, hakuna mkono uliovishika. Makaburi ya Kasubi, wanapozikwa wafalme wa Buganda, yalipoungua Machi 2010 sentensi yake ni "The Kasubi Tombs were destroyed by fire." Moto hapo ndo mtendaji. Lakini mtu akichoma karatasi kwa kiberiti, "the papers were burnt with a match", kiberiti kilikuwa mkononi mwa mtu.

Na hiyo "alikamatwa na panga" muwe nayo makini. "The thief was arrested with a panga" maana yake mwizi alikuwa na panga, sio kwamba nyie mlimtishia nalo. Kama ni nyie mlikuwa nalo, bora hata usiandike, nakutania, lakini kweli geuza sentensi yote.

Wenzetu Waganda wana ugonjwa mwingine. Kwa Luganda aliyetenda anakuja moja kwa moja baada ya kitendo bila neno katikati, kwa hiyo wanaandika "he was bitten dog". Sisi tunaotoka Kiswahili hatusahau kuweka neno, shida yetu ni kuweka lisilo lake.

Alafu kuna "kwa". Alishukiwa kwa wizi, alikamatwa kwa wizi, alishtakiwa kwa wizi, alipatikana na hatia ya wizi. Kwa Kiingereza kila kitendo kimekuja na chake toka nyumbani: "suspected of theft", "arrested for theft", "charged with theft", "convicted of theft", alafu anafungwa, "sentenced to two years in prison". Hakuna kanuni hapo jamani, msitafute, ni kukariri kitendo na neno lake kama unavyokariri namba ya simu, huwezi kusema najua tarakimu tisa za kwanza ile ya mwisho nitakisia. Mi nikiwafundisha siandiki "charge" peke yake ubaoni, naandika "charged with". Angalia pia kwamba "theft" hapo haina "a" wala "the", ni wizi kama jambo, hauhesabiki. Ukitaja tukio lenyewe ndo "the" inaingia, "arrested for the theft of the battery", ule wizi wa ile betri.

Sasa kuna vitendo ambavyo neno lake ni kama kiungo cha mwili, hata ukigeuza kuwa kutendwa haling'oki. "Look after" ni kutunza, kwa hiyo "the visitor's car was looked after by a guard". Unaona "after by" zimekaa pamoja? Watu wanaogopa, wanaona maneno mawili madogo yamefuatana basi moja lazima ni kosa, wanakata. Usikate. "I was shouted at by the driver", ukitoa "at" inabaki "I was shouted by the driver", hiyo sio Kiingereza, ni kama vile dereva alikutamka kwa sauti kubwa. "The matter was dealt with by the manager", hivyo hivyo.

Na moja ya hizi kila askari aiandike kwenye kiganja: "broken into". "The car was broken by thieves" maana yake waliiharibu. "The car was broken into by thieves" maana yake waliivunja wakaingia, wakachukua kilichomo. Hizo ni kesi mbili tofauti, na mtu wa bima akisoma ataulizia ile moja tu uliyoandika. Nimeona gari lina redio imeng'olewa na kioo kimoja kimepasuka, askari kaandika "the car was broken", mwenye gari alikuja mbio akidhani limekuwa chuma chakavu.

Sisi kwetu hiki kitu hakionekani kwa sababu tunakimeza ndani ya kitendo. Leta, letea, letewa. Hiyo "e" katikati ndo "to" yao au "for" yao. Ndo maana Kiswahili kinakupa kutendewa kwa raha zote, nililetewa, niliandikiwa, niliibiwa, nilifiwa, nilinyeshewa, na ukijaribu kuvihamisha hivyo hivyo unaanguka.

Kuibiwa ndo mfalme wa makosa. "Mgeni aliibiwa simu" watu wanaandika "the visitor was stolen his phone". Ndugu yangu, "the visitor was stolen" maana yake mgeni mwenyewe amebebwa! Kiingereza "steal" inafuata kitu kilichochukuliwa, sio mwenye kitu. Una njia mbili. Anza na simu: "The visitor's phone was stolen." Au ukitaka kuanza na mtu badilisha kitendo, chukua "rob", alafu "of": "The visitor was robbed of his phone." Hiyo "of" ni lazima. Na "rob" ni pale walipomnyang'anya, kama simu ilichomolewa mfukoni bila yeye kujua, kaa na "stolen".

Kupewa kwenyewe hakuna shida, "I was given a torch", hapo hakuna neno katikati, msiandike "given with". Ukianza na tochi ndo "to" inakuja, "The torch was given to me." Lakini "issued" na "provided" zinataka "with": "I was issued with a radio." Kwa nini moja inataka nyingine haitaki, sijui niseme nini, Waingereza ndo walivyo.

Kufiwa kwa kawaida haihamishiki. "Amefiwa na baba" utaandika "he has lost his father", kutendwa kumepotea. Kujiwa na wageni pia, "I was come by visitors" hakuna kitu kama hicho, andika "visitors came". Ila kunyeshewa, angalia utamu wake, kunahama mzima mzima: "I was rained on." Mvua imo, kutendwa kumo, na ile "e" yetu ya kunyeshewa imekuwa "on". Hii nikiwaonyesha vijana wanacheka, na baada ya hapo zile za "shouted at" zinawaingia.

Turudi kwa "a" na "the", maana ndo zilinigharimu.

Kiswahili hakina hivi vineno lakini wazo tunalo. Tunasema "mtu mmoja alikuja", alafu "yule mtu akasema". Ile "mmoja" ya kwanza ndo "a", ile "yule" ndo "the". Kwa hiyo kama kwenye kichwa chako unaweza kusema "yule, yule tunayemjua mimi na wewe unayesoma", weka "the". Kama ni "fulani, mmoja hivi", weka "a". "A man was seen near the fence. The man was wearing a red cap." Ua ni "the" toka mwanzo kwa sababu lindo lina ua moja na bosi analijua. Ukiandika "a gate was left open" kwenye jengo lenye geti moja, bosi atajiuliza mmejenga lingine lini.

Kwenye kutendwa hili linauma zaidi kwa sababu anayetajwa baada ya "by" ndo mzigo wa lawama unapotua. "By a guard", askari fulani. "By the guard", askari wa hapa, yule yule. "By guards", askari zaidi ya mmoja, hatujui wangapi. "By the police" ndo wanavyosema kawaida, polisi kama chombo, wala sio mmoja, ukitaka mmoja ni "by a police officer".

Kuna mahali havitakiwi kabisa na hapo ndo "by" inabadilika sura. "The parcel was sent by bus." Hapa basi ni njia ya kusafirisha, halina kineno. "The man was hit by a bus." Hapa basi ni gari lenye namba za usajili, limegonga mtu. Kineno kimoja tu! Hivyo hivyo "delivered by hand", "reported by phone". Na ukianza kulieleza gari, "by" inaondoka yenyewe, haiwi "by company pickup", inakuwa "in the company pickup". Ukipanda boda ni "on a boda", ikikugonga ni "by a boda". Huku kwetu tunapenda kuandika "he was knocked by a boda", Kampala nzima itakuelewa, lakini kama ripoti inaenda kwa bosi Mzungu ongeza "down", "knocked down by a boda", au andika "hit".

Pengine "the" inakuja mahali ambapo sisi tungesema "wake". Mtu akigongwa kichwani, "he was hit on the head". Mguuni na mbwa, "bitten on the leg". Risasi ya mguu, "shot in the leg", maana imeingia ndani. Akishikwa ukosi, "grabbed by the collar", na hii "by" sio ya mtendaji, ukosi haukumshika mtu. Mtendaji ukimtaka anakuja na yake: "grabbed by the collar by a guard". Mbili kwenye sentensi moja, na ni sawa.

Ukipeleka mtu: "taken to hospital" bila kitu, anaenda kutibiwa, hospitali yoyote. "Taken to the hospital", ile tunayoijua, au ameenda tu kama dereva. Majina ya mahali mengi hayataki, "taken to Mulago" (ile hospitali kubwa ya Kampala), "found on Jinja Road", lakini barabara ile ya kuzungukia mji ni "the Northern Bypass" na mto ni "the Nile", ziwa ndo halitaki, "Lake Victoria". Vyeo: "he was appointed supervisor", hapana "a". Nchi vilevile, mpaka ukifika kwa jirani mmoja: "Uganda is bordered by Kenya, Tanzania, Rwanda, South Sudan and the Democratic Republic of the Congo." Vijana wangu wa Bukavu wanapenda sana hiyo, nchi yao ina "the" mbili.

Kuhusu "a" na "an", sikiliza mdomo, achana na herufi. "A UPDF soldier", yaani askari wa jeshi la Uganda, kwa sababu unatamka "yu". "An LC1 chairman", yaani mwenyekiti wa kijiji, unatamka "el". "An OB entry", "an hour", "a university student". Imeisha hiyo.

Na saa, jamani, saa! Saa nane usiku ni "2 a.m.", sio "8 at night". Hii haina uhusiano na kutendwa lakini imeniletea matatizo kuliko kutendwa kote.

Basi chukua hii, iliandikwa na kijana mmoja mzuri sana wa kazi, nimebadilisha kidogo tu: "At 8 night a man was came at gate. He was stolen his phone by boda and was cut in his hand by panga. He was taken to the Mulago by company pickup. Gate was opened by the guard."

Tuipitie. Saa, "At about 2 a.m." Kuja hakutendwi, "a man came to the gate", geti ni letu, "the". Aliibiwa, na alinyang'anywa kwa nguvu, "robbed of his phone". Boda haikuiba, waliiba waliokuwa juu yake, "by two men on a boda". Mkono, "on the hand". Panga ni kifaa, "with a panga". Mulago haitaki "the". Pickup imeelezwa, "in the company pickup". Na kwa kuwa kunyang'anywa kulitangulia kufika getini, tunarudi nyuma hatua moja, "had been".

"At about 2 a.m. a man came to the gate. He had been robbed of his phone by two men on a boda and had been cut on the hand with a panga. He was taken to Mulago in the company pickup. The gate was opened by me."

Kijana aliniuliza kama "by me" sio utoto, sijui anaona "the guard" ina heshima zaidi. Nikamwambia kama ni wewe umefungua andika "by me", malizia na jina na namba yako, alafu piga mstari chini yake mpaka mwisho wa ukurasa asije mtu akaongeza neno.